Matairi Manane Vitani: Gari la Deraya la Askari wa Miguu na Lilikotoka

Picha ya gari la kivita la matairi ikizunguka kwenye simu za watu, hapa Tanga swali huwa ni lile lile. Utalisikia Ngamiani kwenye baraza za kahawa, utalisikia kwa mafundi wa malori na kwa madereva wanaosubiri zamu ya kuingia bandarini: tairi si mpira? Likipigwa risasi si gari limekwisha habari yake? Kama ni vita kweli, kwa nini wasipande chombo cha minyororo? Ni swali la watu wanaoyajua magari, na majeshi makubwa yamekuwa yakilijibu kwa karibu miaka hamsini, kwa fedha nyingi na kwa roho za watu. Nataka kulieleza jibu hilo kwa urefu, maana gari lenyewe huchanganywa na mengine, hata kwenye taarifa za habari ambako kila chenye chuma na mzinga huitwa kifaru.

Tuanzie hapa nyumbani, kwa sababu taabu ambayo gari hili liliundwa kuiondoa ilionekana wazi kabisa kwenye ardhi yetu. Mapema Novemba 1914 Waingereza walishusha Ras Kasone, hapa Tanga, kikosi kilichotoka India, watu wapatao 8,000. Waliowapinga, chini ya kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Kwa hesabu ya vichwa mji ulikuwa umekwisha kutekwa. Lakini Mjerumani alikuwa na reli ya Usambara, na kombania zake zilipakiwa kwenye mabehewa upande wa Moshi zikashushwa Tanga zikiwa bado na nguvu zao. Waingereza walitoka ufukweni kwa miguu, wakapita kwenye mashamba na vichaka ambamo hata kuonana wenyewe kwa wenyewe ilikuwa shida, na walipoukaribia mji wakakutana na bombomu, yaani rashasha. Upande wao watu zaidi ya 800 waliuawa au kujeruhiwa kabla hawajarudi melini. Watu hupenda kusimulia habari za nyuki waliowavamia siku ile, na kweli nyuki walikuwepo, ila kilichowamaliza ni risasi zilizowakuta kifua wazi. Makaburi ya vita hivyo yangali mjini.

Ukilitazama pigano lile kwa jicho la fundi, askari wa miguu alikosa vitu vitatu: chombo cha kumfikisha haraka, chuma cha kumkinga anapokaribia, na mzinga wa kumsaidia akisha kushuka, ulio pale pale alipo yeye. Magari ya deraya yalifika Afrika Mashariki muda si mrefu baadaye. Mwaka 1916 jeshi la upande wa Waingereza lililoongozwa na Jan Smuts lilikuwa na magari ya Rolls-Royce yaliyovishwa chuma na kuwekwa rashasha juu. Yaliwakinga wale wachache waliokuwa ndani, na porini yalisumbuka sana. Askari wengine wote waliendelea kutembea. Na kutembea hakukwisha na vita vile: mwaka 1979 wapiganaji wetu wa JWTZ walikwenda kutoka Kagera mpaka Kampala, na sehemu kubwa ya njia hiyo waliikata kwa miguu, silaha mkononi na mzigo mgongoni. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Ninaposoma takwimu za magari haya, kilomita kwa saa na kilomita kwa tangi, huwafikiria hao kwanza.

Sasa tutenganishe majina, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Gari la kubeba askari kazi yake ni kufikisha. M113 ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1960, ndiyo mfano wake unaojulikana zaidi: sanduku la aluminiamu lenye rashasha moja juu. Linasogea karibu na mapigano, mlango wa nyuma unashuka, askari wanatoka, lenyewe linarudi kujificha. Kifaru kina mzinga mkubwa na chuma kinene, kazi yake ni kuvunja, na kwa kawaida ndani hakuna nafasi ya abiria. Katikati ya hao wawili ndipo lilipo gari tunalolizungumzia, gari la kupigania la askari wa miguu. Linabeba seksheni nzima, yaani kikundi kidogo cha askari, linaishusha, halafu linabaki nayo likipiga kwa mzinga wake mpaka kazi iishe.

Warusi ndio walioieneza fikra hiyo kwa BMP-1, iliyoingia jeshini mwaka 1966 na kuonyeshwa kwenye gwaride la Moscow mwaka uliofuata. Ilikuwa na mzinga wa milimita 73, kombora la kupigia vifaru, na matundu ya bunduki ubavuni ili askari wanane waweze kupiga wakiwa ndani, kwa kuwa walijiandaa kwa vita vya nyuklia ambavyo kukanyaga ardhi kungekuwa kifo. Wajerumani wakaja na Marder mwaka 1971, Wafaransa na AMX-10P mwaka 1973, Wamarekani na Bradley miaka ya 1980. Yote hayo yalikwenda kwa minyororo. Mkataba wa silaha za Ulaya uliotiwa saini Paris mwaka 1990 ukaweka mpaka unaosaidia hadi leo: ili gari lihesabiwe la kupigania, mzinga wake usipungue milimita 20. Chini ya hapo ni la kubeba tu. Kwa hiyo lile gari jeupe la Umoja wa Mataifa lenye rashasha juu, unaloliona likilinda msafara, haliko kwenye kundi hili hata likiwa na matairi manane.

Waliothubutu kuiweka kazi hiyo juu ya matairi walikuwa makaburu wa Afrika Kusini. Ratel, ambalo ndilo jina la nyegere kwa Kiafrikana, iliingia jeshini katikati ya miaka ya 1970. Ilikuwa na matairi sita, uzito wa tani 18 na ushei, na mzinga wa milimita 20 wenye asili ya Ufaransa uliolishwa na mikanda miwili ya risasi, ili mpigaji achague papo hapo kati ya risasi ya kutoboa chuma na ile ya kulipuka. Injini yake ilitoka Büssing, kampuni ya Kijerumani iliyojulikana kwa malori na mabasi. Barabarani ilifika kilomita 105 kwa saa, na tangi likijaa ilikwenda kama kilomita 1,000.

Hizo kilomita 1,000 ndizo zilizoamua kila kitu kingine. Makaburu walikuwa wakiikalia Namibia kwa nguvu na kuvuka mpaka kuingia Angola kuwapiga SWAPO, yaani wapigania uhuru wa Namibia, na jeshi la Angola. Nchi yenyewe ni pana mno, ni mchanga na vichaka, na dizeli ilibidi wabebe wenyewe. Gari la minyororo kwenye safari ya aina hiyo hulazimika kupandishwa juu ya trela, maana minyororo hulika kwa mamia ya kilomita, na pini zake, magurudumu yake madogo na sehemu zake za mpira hudai fundi kila kukicha. Tena Novemba 1977 Umoja wa Mataifa uliwawekea makaburu vikwazo vya silaha vya lazima, na jeshi lililowekewa vikwazo hupenda chombo ambacho vipuri vyake vinafanana na vya lori.

Sisi tulikuwa upande wa pili wa vita hivyo. Wapigania uhuru wa Namibia walikuwa na kambi Kongwa, hapa nchini, na Ratel iliundwa kuwafuata watu kama wao hadi walikolala. Sitalisifu gari kwa kazi hiyo. Ila asiyetaka kulitazama hawezi kuelewa yaliyofuata, kwa sababu karibu kila gari la kupigania la matairi unaloliona leo limepita kwenye njia ambayo Ratel ndiyo iliyoifyeka.

Na Ratel hiyo hiyo ilionyesha mpaka wa fikra yenyewe. Tarehe 3 Oktoba 1987, kwenye mto Lomba kusini mwa Angola, Ratel za aina nyingine, zenye mzinga wa milimita 90, zilikutana na vifaru aina ya T-54 na T-55 vya brigedi ya 47 ya Angola. Brigedi ile ilikuwa imebanwa na mto, na vifaru vilipata shida kugeuza mizinga yao mirefu kati ya miti. Ratel zikazunguka zunguka, zikapiga na kuhama, zikapiga na kuhama. Siku ile zilishinda. Lakini makamanda wao hawakujidanganya kwamba wamepata kifaru cha bei nafuu: chuma cha Ratel kilikuwa cha kuzuia risasi na vipande vya mabomu, na kombora moja la kifaru likilipata gari, wote waliomo ndani wako hatarini. Haukupita muda mrefu vifaru vya Olifant vililetwa mbele. Vita vikaja kukwama Cuito Cuanavale mwaka 1988, na kutoka hapo njia ya uhuru wa Namibia ikafunguka.

Nikiulizwa ni pigano gani linaeleza vizuri gari la kupigania la matairi, hutaja Lomba. Linafika mbali, linapiga na kukimbia, linaweza hata kuangusha kikubwa kuliko lenyewe pale ardhi na dereva wakikubali. Kusimama uso kwa uso na kifaru haliwezi, na kamanda anayelilazimisha kufanya hivyo anawaua watu wake.

Turudi kwenye tairi sasa, maana ndilo swali la barazani.

Tairi la gari hili kwa nje linafanana na la lori kubwa, lakini ndani yake, kuizunguka rimu, mna pete ngumu. Hewa ikitoka, gari halilali chini. Linakaa juu ya pete hiyo na kuendelea kwa makumi ya kilomita kwa mwendo wa kupungua, yaani muda wa kutosha kutoka mahali pa hatari. Halafu matairi yako manane, na yote yanavuta. Kila moja lina shokapu na springi zake, halitegemei mwenzake wa upande wa pili. Bomu la ardhini likinyofoa gurudumu la mbele, lililobaki nyuma yake linaubeba mzigo na gari linajikokota kuondoka. Minyororo haina bahati hiyo. Pini moja ikikatika, mnyororo unatandikika chini na gari limesimama pale pale, likiwa shabaha. Kwa hiyo mwenye kuuliza "likipasuka je?" anapaswa kuuliza swali hilo hilo kwa minyororo pia, na jibu la minyororo ni baya zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wetu watalipenda. Dereva wa hapa anayeingia kwenye mchanga mzito hushuka, akabonyeza valvu, akapunguza upepo ili tairi litanuke chini na lisizame, na akifika kwenye lami atafute kompresa ya kujazia. Kwenye magari haya upepo unapita ndani ya ekseli hadi kwenye kila tairi, na dereva anaongeza au kupunguza kwa swichi akiwa amekaa, huku gari linakwenda. Lami, mchanga, tope, kila kimoja kina kipimo chake.

Ila fizikia haihongwi. Mnyororo unautandaza uzito wa gari kwenye eneo kubwa la ardhi. Tairi, hata lililopunguzwa upepo, linaugandamiza kwenye viganja vinane vya mpira. Ukiongeza chuma, uzito unaongezeka na viganja vinabaki vinane. Kwenye udongo wa mfinyanzi ulionyeshewa, gari la matairi la tani 30 litakwama mahali ambapo la minyororo la uzito huo huo litapita. Uzito ndio uzi wa kushika katika hadithi yote inayofuata. Kila jeshi limetaka gari jepesi la kupanda ndege, gumu la kustahimili bomu, lenye mzinga mkubwa, lenye nafasi ya seksheni nzima, na kila moja limekuja kugundua kwamba mambo hayo manne hayakai pamoja bila mmoja wao kuumia.

Ugomvi wa wazi zaidi ulikuwa wa Ulaya. Miaka ya 1990 Ufaransa, Ujerumani na Uingereza zilikubaliana kuunda pamoja gari jipya la matairi manane. Mfaransa alitaka gari la kupigania lenye mzinga, la kuchukua nafasi ya AMX-10P yake iliyozeeka. Mjerumani alitaka kwanza gari kubwa la kubeba watu lililokingwa vizuri. Mwaka 1999 Ufaransa ikajitoa, na mwaka 2000 ikaagiza la kwake, VBCI, kutoka GIAT, ambayo baadaye ilibadili jina kuwa Nexter, ikishirikiana na Renault. Uholanzi ikaingia upande wa Wajerumani mwaka 2001. Uingereza ikajitoa mwaka 2003 kwa kuona gari limekuwa zito mno kwa vita vya haraka ilivyovifikiria, na gari lile likakamilishwa na Wajerumani na Waholanzi kwa jina la Boxer. Mwaka 2018 Uingereza ikarudi kulinunua lile lile ililolikimbia, na mwaka uliofuata ikaagiza zaidi ya 500. Miaka 15 ilipotea hapo, na askari wao waliendelea kupanda magari ya zamani. Nadhani huo ni mfano mzuri wa hasara ya kuchagua gari kwa kuangalia ndege ya kulibeba kuliko vita litakavyokwenda.

VBCI nayo haikwenda kwa raha. Majaribio yalifichua kasoro kwenye mnara wa mzinga, yaani kichwa kinachozunguka juu ya gari, na gari lililotarajiwa mapema likaanza kukabidhiwa kwa vikosi mwaka 2008. Ndani ya mnara huo hukaa mtu mmoja, na mzinga ni wa milimita 25. Bodi ni ya aluminiamu ngumu, na juu yake hufungwa sahani za chuma na titaniamu ambazo hubadilishwa zikiharibika au zikipatikana bora zaidi. Mtu akisikia "aluminiamu" huwaza sufuria, lakini aluminiamu ya deraya hutengenezwa nene, na kwa kuwa ni nyepesi inakuachia uzito wa kuweka chuma mahali penye hatari zaidi. Injini ni ya nguvu farasi 550, na msingi wake ni injini ya lori la Volvo, ukoo ule ule wa malori unayoyaona kila siku kwenye barabara ya Segera. Jeshi likiwa mbali na nyumbani, jambo hilo si dogo. Mwendo ni kilomita 100 kwa saa, na tangi moja hulipeleka gari kama kilomita 750. Ufaransa ilichukua magari 630. Ya kupigania yalikuwa 520, na 110 yakatengenezwa kuwa ya kamanda, yenye meza na redio mahali pa viti vya askari.

Uzito wake ulianza karibu na tani 26, ukapanda hadi 29, na baadaye magari mengi yakaimarishwa yafikie tani 32. Nani aliyeongeza hizo tani? Afghanistan. VBCI zilifika huko mwaka 2010, na maadui waliokuwa wakitega mabomu barabarani walikuwa wamekwisha kuwafundisha Wamarekani somo hilo. Stryker ya Marekani, ya matairi manane pia, ilikuwa na tumbo bapa. Mlipuko wa chini ulilipiga sakafu moja kwa moja. Kufikia 2011 ililetwa Stryker yenye tumbo lililochongoka, ambalo huupasua mlipuko na kuusukuma pembeni. Viti navyo vikaacha kufungwa sakafuni, vikaning'inizwa kwenye ubavu au paa, kwa sababu sakafu inayorushwa juu ghafla huvunja uti wa mgongo wa aliyekaa hata kama haikutoboka. Kipimo kinachotumiwa na nchi za NATO katika daraja la nne ni bomu lenye kilo 10 za baruti chini ya gari. Gari la maana leo linatakiwa kuwarudisha watu wake wakiwa hai baada ya hapo.

Ili kuona VBCI ilipofanya kile ilichoundiwa, twende Mali. Januari 2013 Ufaransa iliingia vitani huko. Magari yalipakiwa kwenye meli ya Dixmude bandarini Toulon, yakashushwa Dakar, Senegal, na kutoka Dakar yakaenda Bamako kwa matairi yao wenyewe, zaidi ya kilomita 1,000, kisha mengine yakaelekea kaskazini hadi jangwani. Chukua ramani uweke Tanga mahali pa Dakar na Bukoba mahali pa Bamako, utaona ni safari gani. Kikosi cha minyororo kingehitaji trela kwa kila gari, na trela hizo zingelazimika kupatikana, kulindwa na kutiwa mafuta. Hapa askari walifika na magari yao, mizinga yao na mabegi yao, wakaendelea na kazi.

Boxer ilichukua njia nyingine ya kijanja. Chini kuna injini, matairi na dereva. Juu yake hukaa sanduku zima la kazi, liwe la askari, la wagonjwa au la mzinga, na kreni hulibadilisha kwa muda wa saa moja hivi. Anayefahamu kichwa cha semitrela na tela lake amekwisha kuelewa. Faida yake ni kwamba gari lililoharibika injini haliondoki na chumba cha wagonjwa. Gharama yake ni uzito: chuma cha sehemu mbili zinazojitegemea ni kingi kuliko cha bodi moja, na Boxer zenye mzinga, kama zile za milimita 30 ambazo Australia ilizichagua mwaka 2018, zimevuka tani 35. Lithuania nayo iliziwekea mnara wa milimita 30 wenye makombora ya Spike na kuziita Vilkas.

Mbona mizinga inapanda kutoka 20 kwenda 25 kwenda 30? Kwa sababu magari ya upande wa pili nayo yamevaa chuma zaidi, na kwa sababu risasi kubwa ina nafasi ya akili ndani yake. Ya kutoboa ni mshale mwembamba wa metali nzito unaovua ganda lake ukishatoka mdomoni mwa mzinga. Ya kulipuka, kwenye mizinga mipya, huhesabiwa umbali na kompyuta wakati inapita ndani ya mtutu, ipasuke hewani juu ya handaki au ndani ya dirisha. Mpigaji hutazama kwa kamera ya joto, na mnara hutulizwa na mitambo ili shabaha isitoke hata gari likiwa kwenye mashimo. Stryker, iliyoanza na rashasha tu, ilipewa mzinga wa milimita 30 baada ya vikosi vya Marekani vilivyoko Ulaya kuomba kwa haraka mwaka 2015, baada ya kuona yaliyotokea Ukraine mwaka uliotangulia. Hivyo gari la kubeba likageuka la kupigania kwa kubadilishwa kichwa. China kwa upande wake ilionyesha lake, ZBL-08, kwenye gwaride la Beijing la 2009: milimita 30, tani kama 21, na linaelea majini. VBCI na Boxer haziogelei. Hapo unaona tena bei ya chuma; aliyekubali deraya nyepesi ndiye aliyebaki na uwezo wa kuvuka mto bila daraja.

Afrika Kusini iliyo huru nayo ilitaka kumstaafisha nyegere wake. Mwaka 2007 kampuni ya serikali, Denel, ilipewa kazi ya kuunda Badger, kwa kuchukua bodi ya matairi manane ya Patria kutoka Finland na kuiwekea minara na mizinga iliyobuniwa Afrika Kusini kwenyewe. Gari lilikuwa zuri kwenye makaratasi na hata kwenye majaribio. Mradi ukaburutwa miaka na miaka, Denel ikaingia kwenye matatizo makubwa ya fedha, mafundi wakaondoka, na Ratel za miaka ya 1970 zikaendelea kuitumikia nchi. Inaniuma, kwa sababu ujuzi huo ulikuwa wa Kiafrika. Hapa kwetu tuna Shirika la Nyumbu pale Kibaha, lililounda lori la jeshi kwa mikono ya Watanzania, na anayelifahamu anajua kwamba kubuni gari ni nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni kulipa mishahara ya mafundi kila mwezi kwa miaka 20 bila kukatisha.

Tangu 2022 vita vya Ukraine vimeleta kitu kipya juu ya paa. Kwa miongo mingi wabunifu waliweka chuma kinene mbele, cha kadiri ubavuni, na chepesi juu. Droni ndogo inayobeba kichwa cha roketi huchagua pale pale pembamba: paa, mlango wa nyuma, nafasi kati ya mnara na bodi. Wafungaji wa vyuma wamerudi kazini, magari yanavalishwa matundu ya nondo na nyavu, na juu ya mnara wanaweka vifaa vya kuvuruga mawasiliano ya droni. Kila kimoja ni kilo nyingine juu ya yale matairi manane. Mwendo na umbali vinasaidia, maana gari linaloweza kushusha watu na kuondoka haraka linatoa nafasi ndogo ya kupigwa, lakini kujificha kumekuwa na thamani kuliko unene wowote wa chuma, na sioni mbunifu atakayelibadilisha hilo kwa kuongeza sahani.

Je, kwa ardhi ya kwetu? Kwa barabara kuu, kutoka Tanga hadi Chalinze na kutoka hapo hadi mpaka wowote wa nchi hii, sina shaka: matairi. Umbali wetu ni mkubwa, lami imefika mikoa yote, na mafundi wa injini za malori wapo kila mji. Kwa bonde la Umba wakati wa masika, au njia za Handeni udongo ukishalowa, gari la tani 32 lingekaa pale hadi jua litoke. Na kabla ya tope kuna daraja. Tani 32 juu ya ekseli nne ni tani nane kwa kila ekseli, na madaraja mengi ya njia za vijijini yalijengwa yakilengwa lori la mkonge na tipa ya mchanga. Jeshi linalonunua magari haya linapaswa kuanza na orodha ya madaraja, likamalizia na orodha ya mizinga.